Watoto 120, Shule Mbili: Kuoanisha Muundo wa Utafiti wa Elimu na Jaribio la Takwimu

Nilipokuwa nikiandaa tasnifu ya shahada ya uzamili katika tiba ya macho, nilipima uwezo wa kuona wa wagonjwa 120, kisha nikaingiza kwenye kompyuta macho 240. Programu haikulalamika. Jaribio la t lilitoa thamani ndogo ya p, nami nikaifurahia kwa siku mbili. Siku ya tatu msimamizi wangu aliniuliza, "Daktari, umepima watu wangapi?" Jicho la kulia na la kushoto hushiriki umri, lishe, urithi na maradhi ya mwili mmoja, ukishalijua moja, la pili haliongezi habari nyingi. Nilikuwa nimeuhesabu ushahidi ule ule mara mbili.

Swali hilo lilinirudia katika Kata ya Mungaa, wilayani Ikungi, mkoani Singida, tulipokwenda kupima macho ya wanafunzi. Mwalimu mmoja aliyekuwa akisomea uzamili wa elimu alinionesha andiko lake la utafiti. Alitaka kujua iwapo dakika 20 za kusoma kwa sauti kila asubuhi zingeinua stadi ya kusoma ya watoto wa Darasa la Pili, wengi wao wakiwa wanazungumza Kinyaturu nyumbani. Angechukua shule mbili, kila moja watoto 60. Moja ingetumia mbinu hiyo, nyingine ingeendelea kama kawaida. Mwishoni aliandika: "Data zitachanganuliwa kwa jaribio la t." Sentensi hiyo nimeikuta katika maandiko mengi, ya elimu na ya tiba vilevile, imebandikwa mwishoni kama muhuri. Haikuwa na uhusiano wowote na kurasa zilizoitangulia.

Jaribio la takwimu huchaguliwa siku utafiti unapobuniwa. Hutokana na namna matokeo yanavyopimwa, na kama vipimo vinavyolinganishwa vimetoka kwa watu walewale au tofauti, na zaidi ya yote, nani hasa aligawiwa mbinu inayochunguzwa.

La kwanza si gumu. Idadi ya maneno anayosoma mtoto kwa dakika ni namba halisi, na wastani wake una maana. Kwa makundi mawili yasiyohusiana, jaribio la t linafaa. Ni kweli kwamba katika madarasa ya chini huwapo watoto wasiosoma hata neno moja, na sifuri zikirundikana baadhi ya wahadhiri huamuru papo hapo jaribio la Mann-Whitney, linalopanga alama kwa nafasi. Kwa maoni yangu amri hiyo hutolewa kwa haraka mno, kwa sababu jaribio la t huvumilia mkengeuko huo sampuli ikiwa kubwa. Matokeo yakiwa ni kufaulu au kutofaulu, makundi tofauti hulinganishwa kwa jaribio la kai-skwea; wakiwa ni watoto walewale kabla na baada, ni jaribio la McNemar.

Hilo la kabla na baada lina mtego wake. Mtafiti hupima kundi la mbinu mwanzo na mwisho kwa jaribio la t la jozi, akapata p ya 0.03. Halafu hupima kundi linganishi vivyo hivyo, akapata 0.08, na kutangaza kuwa mbinu imefaulu kwa kuwa upande mmoja "una tofauti ya kitakwimu" na mwingine hauna. Lakini makundi hayo mawili hayajalinganishwa bado! Huenda moja limepanda maneno sita na jingine matano. Watoto wa darasa la pili husonga mbele hata bila mbinu mpya, kwa kuwa wanakua na wanafundishwa. Kinachotakiwa ni kulinganisha makundi kwa alama za mwisho, huku alama za mwanzo zikizingatiwa ndani ya hesabu hiyohiyo, kazi inayofanywa na uchanganuzi uitwao ankova.

Tatizo zito la andiko la Mungaa, hata hivyo, lilikuwa katika shule mbili. Watoto wa shule moja hushiriki mwalimu mmoja, uji mmoja au ukosefu wake, umbali wa kisima, na mwalimu mkuu mkali au mpole. Ni kama macho ya mgonjwa mmoja. Zaidi ya hayo, mbinu haikugawiwa kwa mtoto. Iligawiwa kwa shule. Kwa hiyo mwalimu hakuwa akilinganisha watoto 60 na 60, bali shule moja na shule moja. Iwapo shule ya kwanza ingeongoza, hakuna jaribio lolote duniani lingeweza kusema kama sababu ni kusoma kwa sauti au mwalimu mahiri aliyehamishiwa pale mwezi Januari. E. F. Lindquist wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliwaonya watafiti wa elimu kuhusu jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1940. Bado tunaonywa.

Hasara hiyo hupimika. Tuchukulie shule 10 zenye watoto 40 kila moja, jumla 400, na tuseme moja ya tano ya tofauti zote za alama inatokana na tofauti kati ya shule na shule. Kigawanyo ni 1 + (40 − 1) × 0.2, yaani 8.8. Gawanya 400 kwa 8.8: ushahidi ulio mkononi ni sawa na wa watoto 45 hivi wasiohusiana. Anayetumia jaribio la t kwa watoto wote 400 anadai ushahidi karibu mara tisa ya alionao, na thamani yake ya p itakuwa ndogo kwa uongo.

KiuFunza, utafiti ulioendeshwa na Twaweza hapa Tanzania mwaka 2013 na 2014, uliliheshimu hilo. Shule 350 katika wilaya 10 ziligawanywa kwa bahati nasibu: 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, 70 zilipewa motisha kwa walimu kulingana na ufaulu wa watoto, 70 zilipewa vyote viwili, na 140 hazikupewa kitu. Uchanganuzi ulitambua kwamba kilichogawiwa ni shule. Muundo huo wa makundi manne uliruhusu pia swali ambalo makundi mawili yasingeliweza: je, athari ya vyote viwili pamoja inazidi jumla ya athari ya kila kimoja? Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionesha kuwa ruzuku peke yake haikuinua alama, lakini ikiunganishwa na motisha watoto walijifunza zaidi ya jumla hiyo. Laiti kungekuwa na kundi la ruzuku na kundi linganishi pekee, tungeambiwa fedha hazisaidii shule, na huenda bajeti ingeandikwa hivyo.

Mwalimu wetu hakuwa na fedha za shule 350. Tulikaa chini ya mti tukahesabu. Kwa shule 6, tatu kila upande, kuna njia 20 za kuzigawa. Hata mbinu ingeshinda waziwazi, thamani ndogo kabisa ya p inayopatikana kwa kulinganisha migawanyo hiyo pande zote mbili ni 2 kwa 20, yaani 0.1. Kwa shule 8 njia ni 70, na kiwango hicho hushuka hadi 0.03 hivi.

Akaandika upya. Shule 8 za Mungaa na kata jirani, kura ipigwe mbele ya walimu wakuu, watoto 15 kila shule, na wastani wa kila shule ulinganishwe alama za mwanzo zikizingatiwa. Jumla ya watoto ilibaki 120. Kilichoongezeka ni nauli ya bodaboda.