Fredi Washington: Mwigizaji Aliyekataa Kufanana na Mhusika Wake

Utangulizi

Mwanafunzi wa tamthilia hufundishwa mapema kwamba mwigizaji na mhusika ni viumbe wawili. Mwigizaji ni mtu wa damu na nyama. Mhusika ni zao la sanaa, huishi kwa saa mbili tatu na taa zinapozimwa naye hutoweka. Kanuni hii ni rahisi kuikariri darasani lakini ni ngumu kuizingatia mbele ya jukwaa, kwa maana aghalabu hadhira humpenda au humchukia mwigizaji kwa matendo ya mhusika. Maisha ya Fredi Washington, mwigizaji Mmarekani Mweusi wa jukwaa na filamu, ni mfano bayana wa jinsi mkanganyo huo unavyoweza kumgharimu msanii. Makala haya yanadhamiria kueleza maisha na kazi yake, na kudhihirisha kinaya kilichomwandama: alipata sifa kwa kumwigiza binti anayeikana asili yake, ilhali yeye mwenyewe alikataa katakata kuikana yake.

Malezi na Mwanzo wa Safari

Fredericka Carolyn Washington alizaliwa tarehe 23 Desemba 1903 mjini Savannah, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Mamake alifariki Fredi akiwa bado mtoto, naye pamoja na mdogo wake Isabel wakapelekwa kulelewa na watawa wa Kikatoliki katika jimbo la Pennsylvania. Hatimaye alihamia mtaa wa Harlem, jijini New York, wakati ambapo fasihi, muziki na maigizo ya Wamarekani Weusi yalikuwa yakichipuka kwa kasi.

Jukwaa lilimpokea kwanza kama mchezaji densi. Alijiunga na wachezaji wa Shuffle Along, mchezo wa muziki wa Noble Sissle na Eubie Blake ulioanza kuonyeshwa Broadway mwaka 1921, ambamo pia alipitia Josephine Baker. Mwaka 1926 aliteuliwa kuwa mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia ya Black Boy, akitumia jina la jukwaani la Edith Warren. Mwenzake katika mchezo huo alikuwa Paul Robeson, msanii ambaye wapenzi wa Kiswahili wana sababu ya kumkumbuka, kwa kuwa katika miaka ya 1930 alijifunza lugha hii katika Chuo Kikuu cha London. Baada ya hapo Fredi alizuru miji ya Ulaya akicheza densi pamoja na Al Moiret.

Inafaa kutaja hapa kwamba Fredi alikuwa na ngozi nyeupe na macho ya kijani. Asiyemjua angemdhania kuwa Mzungu. Katika Marekani ya wakati huo, ambapo sheria na desturi zilimtenga Mtu Mweusi shuleni, garini na hotelini, wapo waliokuwa na sura kama yake walioamua kuhama, kukata uhusiano na jamaa zao na kuishi kama Wazungu. Mhusika wake katika Black Boy alikuwa mmoja wa watu hao. Kwa hivyo tangu mwanzo, dhima aliyopewa jukwaani ilikuwa ya mtu anayejificha.

Kutoka Jukwaani hadi Filamuni

Mwaka 1929 Fredi alionekana katika filamu fupi ya Black and Tan, pamoja na mwanamuziki Duke Ellington. Mwaka 1933 aliigiza tena na Robeson katika The Emperor Jones, filamu iliyotokana na tamthilia ya Eugene O'Neill. Hapo ndipo rangi ya ngozi yake ilipozua tatizo. Ilihofiwa kwamba watazamaji wangedhani Robeson anamkumbatia mwanamke Mzungu, jambo ambalo lisingevumiliwa. Fredi alipakwa vipodozi vya kumfanya awe mweusi zaidi. Mwanamke Mweusi akalazimika kupakwa weusi ili akubalike kuwa Mweusi.

Mwaka uliofuata, 1934, ilitokea filamu iliyolifanya jina lake livume: Imitation of Life, iliyoongozwa na John M. Stahl kutokana na riwaya ya Fannie Hurst ya mwaka 1933. Ndani yake, mjane Mzungu, Bea, anayeigizwa na Claudette Colbert, anatajirika kutokana na upishi wa mtumishi wake Mweusi, Delilah, anayeigizwa na Louise Beavers. Delilah ana binti mwenye ngozi nyeupe, Peola, na huyu ndiye mhusika wa Fredi. Peola anachoka kudharauliwa. Anatoroka, anapata kazi mahali anapodhaniwa kuwa Mzungu, na mamake anapomfuata anamkana mbele ya watu. Delilah anakufa kwa huzuni, na Peola anarejea akilia kando ya jeneza. Katika riwaya harejei. Filamu ndiyo iliyomrudisha ili ajute.

Kwa upande wa usawiri, Delilah ni mhusika bapa: mpole, mwaminifu na asiyedai chochote. Peola, kinyume chake, ana mgogoro wa ndani. Swali analolibeba, yaani kwa nini anyimwe haki ambazo uso wake ungempa mara moja lau angenyamaza, halijibiwi na yeyote katika filamu. Fredi alilibeba kwa macho na kimya kuliko kwa maneno, na wahakiki wengi wameiona kazi yake kuwa kiini cha filamu hiyo. Imitation of Life iliteuliwa kuwania Tuzo ya Akademia ya filamu bora. Beavers na Washington hawakuteuliwa.

Milango Iliyofungwa

Uhodari huo ndio uliomponza. Baadhi ya watazamaji, wakiwemo Weusi wenzake, walimchukulia kuwa Peola. Walidhani kwamba aliyeweza kuigiza aibu hiyo kwa ufundi ule lazima alikuwa nayo moyoni. Fredi alilazimika kueleza mara kwa mara magazetini kwamba hakuwahi kutamani kuwa Mzungu wala kuionea haya asili yake. Husimuliwa kwamba alipozuru majimbo ya kusini na bendi ya Ellington, ambamo mumewe Lawrence Brown alipiga tromboni, aliingia katika maduka ya Wazungu kununua aiskrimu kisha akawapelekea wanamuziki waliozuiwa kuingia. Sura yake aliitumia kuwafaa wenzake.

Hollywood nayo haikujua imweke wapi. Kanuni za maadili ya filamu, zilizoanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934, zilipiga marufuku kuonyesha mapenzi baina ya Weusi na Wazungu. Hivyo hangeweza kuwa mpenzi wa mwigizaji Mzungu. Wakati huohuo, nafasi zilizotengewa wanawake Weusi zilikuwa za watumishi, na watayarishaji walimwona kuwa mweupe mno kwa nafasi hizo. Filamu yake ya mwisho ya kawaida, One Mile from Heaven, ilitoka mwaka 1937, miaka mitatu tu baada ya Peola.

Jukwaa, Chama na Kalamu

Fredi hakukaa akilalama. Mwaka huohuo wa 1937 alishiriki kuasisi Chama cha Waigizaji Weusi cha Marekani, akawa katibu mtendaji wake wa kwanza. Mwaka 1939 alirejea Broadway katika Mamba's Daughters, akiigiza na Ethel Waters. Katika miaka ya 1940 aliandika kuhusu sanaa za maonyesho katika The People's Voice, gazeti lililoanzishwa mwaka 1942 na Adam Clayton Powell Jr., ambaye wakati huo alikuwa mume wa Isabel. Katika safu zake alikosoa namna Weusi walivyosawiriwa na kudai waajiriwe kwa haki. Aliyenyimwa jukwaa akawa mhakiki wa jukwaa.

Mwaka 1959 Imitation of Life ilitengenezwa upya na Douglas Sirk. Nafasi iliyokuwa ya Fredi ilipewa Susan Kohner, mwigizaji asiye na asili ya Kiafrika, naye akateuliwa kuwania Tuzo ya Akademia. Fredi alitambuliwa mwaka 1975, alipoingizwa katika Jumba la Heshima la Watengenezaji Filamu Weusi. Alifariki tarehe 28 Juni 1994 mjini Stamford, Connecticut, akiwa na umri wa miaka 90.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba Fredi Washington alifungiwa na mambo mawili: kanuni za tasnia zilizompima kwa rangi, na hadhira iliyomsoma kupitia mhusika wake. La kwanza lilikuwa la nchi na wakati wake. La pili lingalipo popote pale msomaji anapomhukumu mwandishi kwa kauli ya mhusika, au mtazamaji anapomzomea njiani mtu aliyeigiza mwovu vyema. Anayehakiki tamthilia hana budi kuuliza kwanza anayezungumza ni nani. Peola alisema anataka kuwa Mzungu. Fredi alikuwa na uso wa kumwezesha, akabaki na watu wake, akalipa gharama yake.