Vyombo vya kutengenezea yaurti nyumbani

Watu wa Kivu hawana haja ya kufundishwa utamu wa maziwa yaliyoganda. Mashanza yanajulikana tangu zamani, na ng'ombe wa Masisi wana sifa yao. Lakini mashanza ya desturi huachwa yagande yenyewe, kwa vijidudu vyovyote vilivyoingia, vizuri na vibaya. Yaurti ni jambo lingine: maziwa huchemshwa kwanza, kisha hutiwa vijidudu vilivyochaguliwa. Kimojawapo kilitambuliwa mwaka 1905 na Mbulgaria Stamen Grigorov, alipokuwa akisoma udaktari Geneva.

Kuchemsha huko si mchezo. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ile inayowatupisha ng'ombe mimba, ambayo humshika mtu kwa miezi mingi. Uchachu peke yake hauviui vijidudu hivyo kwa hakika. Mwenye watoto nyumbani asisahau neno hili.

Basi, tununue nini? Wengine hudhani kwamba pasipo mashine ya umeme hakuna yaurti. Sivyo. Mashine hiyo haigandishi kitu. Kazi yake ni kutunza joto tu, na umeme ukikatika usiku inabaki sanduku kama masanduku mengine. Blanketi nzito na kikapu chenye kifuniko hufanya kazi ileile. Fedha hiyo afadhali ilipie karo ya shule.

Kitu kinachostahili kununuliwa ni kipimajoto cha jikoni, kifikacho nyuzi 100. Maziwa yapate nyuzi 85 kwa muda wa nusu saa, yakikorogwa yasiungue, kisha yapoe mpaka 45 au 43, ndipo yatiwe mbegu: vijiko viwili vya yaurti isiyo na sukari kwa lita moja. Yakizidi nyuzi 50, mbegu huanza kudhoofika, na yakizidi zaidi hufa. Yakiwa baridi, hulala. Mama mmoja hupata yaurti nzito na jirani yake hupata maji, kwa maziwa yaleyale, na mara nyingi tofauti ni nyuzi hizo chache. Kabla ya kukitumia, kijaribuni katika maji yanayochemka. Msistaajabu kikionyesha 95 tu: Goma na Bukavu ziko juu sana, karibu mita 1,500, na huko maji huchemka mapema.

Tunawaonya hasa juu ya kipimajoto cha wagonjwa. Hicho huishia nyuzi 42. Kikitiwa katika maziwa ya moto hupasuka, na kama ni cha zebaki, sumu yake itamwagika katika chakula cha watoto. Asiye na kipimajoto anawe mikono vizuri, atie kidole kidogo: akiweza kuhesabu polepole mpaka kumi bila kukitoa, joto linafaa. Njia hii si kamili, lakini imewasaidia wengi.

Sufuria iwe na kitako kinene, maana mbabula ina moto mkali mahali pamoja. Chuma kisichoshika kutu ni bora. Aluminiamu yaweza kuchemshia, lakini yaurti isilale ndani yake, kwa kuwa uchachu huila. Shaba tupu na ndoo za bati lililopakwa zinki tuziache kabisa.

Kwa kugandishia twasifu chupa za kioo zenye mdomo mpana na kifuniko. Zichemshwe, tena zisitiwe maziwa ya moto zikiwa baridi, zitapasuka. Bidoni za plastiki zilizotumika zamani zina mikwaruzo ambamo uchafu hujificha hata baada ya sabuni. Mdomo wake mwembamba hauruhusu mkono kuingia. Vibuyu vya wazee vina heshima yao, na moshi waliovifukizia haukuwa upuuzi, lakini havisafishiki kwa maji yanayochemka kama kioo.

Chupa zikiisha kufunikwa, zifungeni katika blanketi kikapuni, wala zisitikiswe kwa saa sita au nane. Watoto wataomba kuchungulia, wakatazeni. Zikishaganda, ziwekwe mahali pa baridi. Na kabla mtu yeyote hajaonja, tieni vijiko viwili katika kichupa kidogo kilichochemshwa, chenye kifuniko chake. Hiyo ndiyo mbegu ya safari ijayo, itumike kabla ya juma kwisha.