Lugha ya Tatu Chini ya Mlima Rungwe

Kwa watoto wengi wa vijiji vya wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, Kiingereza ni lugha ya tatu. Ya kwanza ni Kinyakyusa, kinachosemwa jikoni, shambani na kanisani. Ya pili ni Kiswahili, ambacho baadhi yao hukizoea sawasawa wakishaanza shule. Kiingereza huja nyuma ya hizo, tena huja ndani ya kitabu: mtoto anaweza kumaliza juma zima la kuchuma chai na kuuza ndizi bila kusikia mtu akikitumia, isipokuwa mwalimu wake. Mwalimu wa Kiingereza wa Tukuyu, mji mkuu wa wilaya hiyo, basi, anafundisha lugha ya kigeni hasa. Lugha ya pili mtoto huiokota barabarani. Ya kigeni huipata darasani, na asipoipata hapo hana pengine pa kuipata.

Hali hii ina historia. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891 na wakafundisha kwa Kinyakyusa. Kiingereza kilikuja na utawala wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kikiwa lugha ya ofisi na ya shule chache. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, lakini sekondari zikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Miaka miwili baadaye Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni, wakakuta kiwango cha wanafunzi wengi hakitoshi kusomea masomo mengine. Ushauri wao haukuwa kuiacha lugha hiyo, bali kuitilia nguvu, na kutokana na ripoti yao ukaja mradi wa Uingereza uliogawa vitabu vya hadithi nyepesi katika sekondari na kuwapa walimu mafunzo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliziruhusu lugha zote mbili, lakini ukienda sekondari ya kata leo, kitabu cha biolojia ni cha Kiingereza.

Matokeo yake ni genge kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza. Mtoto aliyejifunza sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi anakuta Januari somo lilelile limebadili lugha. Kozi ya awali ya majuma kadhaa hutolewa ili kumvusha. Inasaidia, ingawa majuma hayo hayawezi kufanya kazi ya miaka. Mzigo unamrudia mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, ambaye mara nyingi anafundisha pia hisabati na maarifa ya jamii.

Mtoto wa Kinyakyusa haingii darasani mikono mitupu. Kinyakyusa kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na kila irabu yaweza kuwa fupi au ndefu, urefu huo ukibadili maana ya neno. Kwa hiyo tofauti kati ya ship na sheep, ambayo humsumbua mzungumzaji wa Kiswahili mwenye i moja tu, iko karibu na sikio la mtoto aliyelelewa na i mbili. Mwalimu anayelijua hilo huanzia nyumbani: anawaomba wanafunzi wataje maneno ya Kinyakyusa yenye sauti hizo, kisha anawavusha. Ni ajabu kwamba hazina hii haitumiki sana, labda kwa sababu lugha za nyumbani zimezoeleka kuonwa kama kizuizi. Kwa upande wa konsonanti mambo hugeuka. Kinyakyusa cha asili hakina r, v wala z, ndiyo maana rice huwa lice, na very huanza kwa f. Hapo mazoezi ya jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja yanahitajika, yafanywe kidogo kila siku.

Sarufi nayo ina mitego inayotabirika. Yeye wa Kiswahili ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo he na she huchanganywa hata na watu wazima, na mama akawa he. Kiswahili hakina vijineno a na the, basi huachwa. Kiambishi -na- hubeba kitendo kinachoendelea na cha kawaida pia, na mwanafunzi hushindwa kuona kwa nini I eat na I am eating ziwe mbili. Mwalimu anayefahamu chanzo cha kosa haoni uzembe; anaona Kiswahili kikifanya kazi yake mahali pasipo pake.

Mbinu iliyozoeleka zaidi ni ya kuimba: mwalimu anasema sentensi, darasa zima linaitikia. Si mbinu ya kudharauliwa. Darasa likiwa na watoto themanini, na tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016 madarasa ya namna hiyo si haba, kuitikia pamoja humpa hata mwenye haya nafasi ya kufungua kinywa. Tatizo ni kuishia hapo. Sauti themanini zinaweza kuitikia bila hata mmoja kuelewa, na mwalimu akaondoka ameridhika.

Kuanzia miaka ya 1970 wataalamu wa ufundishaji lugha walihamia kwenye kile kinachoitwa mkabala wa mawasiliano. Mwanaisimu Dell Hymes wa Marekani alikuwa amesisitiza kwamba kujua lugha ni kujua pia nini kisemwe, kwa nani na wakati gani. Mfano wenye manufaa zaidi kwa Rungwe, hata hivyo, unatoka India. Kati ya 1979 na 1984, N. S. Prabhu na wenzake waliendesha mradi wa kusini mwa India, maarufu kwa jina la Bangalore, katika shule za kawaida zenye vifaa vichache. Badala ya kufundisha kanuni, waliwapa wanafunzi kazi ya kufikiri: kusoma ramani, kutumia ratiba ya treni. Lugha ilikuja kwa sababu kazi iliihitaji.

Tukuyu haina treni, lakini ina stendi. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni nauli na saa za mabasi madogo ya kwenda Kiwira, Kyela na Mbeya, kisha akauliza: mtu mwenye shilingi kadhaa, anayetaka kufika Mbeya kabla ya saa nne, apande gari lipi? Wawili wawili kwenye dawati, mmoja akiwa na nauli, mwenzake akiwa na saa, hawawezi kujibu bila kuulizana. Pengo hilo la taarifa ndilo kiini cha zoezi; wote wawili wakiona kila kitu, hakuna sababu ya kusema.

Kwa wadogo ipo njia iliyopendekezwa miaka ya 1960 na mwanasaikolojia James Asher: mwalimu anatoa amri, watoto wanatii kwa mwili. Stand up, touch the door, carry the banana to your friend. Haidai kitabu wala karatasi, na mtoto huelewa kabla ya kulazimishwa kusema. Zana zake ziko uani. Mgomba peke yake una jani, ganda, mkungu na maua.

Mvua ni suala la mbinu pia. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na chini ya paa la mabati sauti ya mwalimu hupotea kabisa. Mwalimu asiyejiandaa hukaa akingoja. Mwenye andalio zuri ana kazi ya kimya tayari: hadithi fupi ya kusoma, sentensi zilizokatwa vipande za kupangwa upya, au imla ya mbio, ambapo aya hubandikwa ukutani na mmoja wa kila jozi huenda kuisoma na kurudi kumnong'oneza mwenzake anayeandika.

Je, Kiswahili kitumike katika kipindi cha Kiingereza? Walimu wengi hukitumia na kujiona wakosaji. Hawana sababu. Maelekezo ya zoezi yakitolewa kwa Kiswahili kwa sentensi moja, dakika kumi zinaokolewa kwa ajili ya Kiingereza chenyewe. Msemo mgumu unaweza kutajwa kwa Kiingereza, ukafasiriwa, ukatajwa tena kwa Kiingereza na kuachwa hapo. Kilicho na madhara ni kutafsiri kila kitu hadi mtoto aache kusikiliza upande mmoja. Mabango yanayoonya kwamba asiyesema Kiingereza hahudumiwi, na adhabu zinazoandamana nayo, hufundisha ukimya zaidi ya lugha.

Mwalimu huyajifunza haya wapi? Wilaya ina bahati ya kuwa na vyuo viwili vya serikali, Tukuyu na Mpuguso, ambako mwanachuo hujifunza kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Zamani, aliyehitimu alingoja semina: siku chache mjini, posho, daftari la maelezo, halafu kurudi kijijini alikokuta darasa lilelile. Mengi yalibaki daftarini.

Mfumo wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umeyaleta mafunzo shuleni. Walimu hukaa katika jumuiya za ujifunzaji, wakiongozwa na mwenzao, wakitumia moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania na kituo cha walimu kilicho karibu. Kikao kina maana pale kinapoanza na tatizo moja la darasa halisi, kwa mfano wanafunzi wa darasa la tano wasioweza kuuliza swali. Walimu hupanga somo pamoja, mmoja hulifundisha, wengine hukaa nyuma wakiwatazama wanafunzi badala ya mwalimu: nani alisema, mara ngapi, nani hakusema kabisa. Kisha somo hurekebishwa na kufundishwa tena katika mkondo mwingine. Wajapani wameifanya kazi hii kwa zaidi ya karne. Ugumu wake hapa ni muda, na hofu, kwa kuwa mtu anayekaa nyuma ya darasa na kalamu amezoeleka kuwa mkaguzi.

Upo pia upande wa mitihani. Mtihani wa darasa la saba haumpimi mtoto kuzungumza, na mzazi humhesabia mwalimu matokeo. Jumuiya zinazoendelea vizuri hazigombani na hilo. Hugeuza maswali ya mitihani ya nyuma kuwa ya kujadiliwa wawili wawili, kila mmoja akieleza kwa nini jibu fulani si sahihi.

Lililobaki ni Kiingereza cha mwalimu mwenyewe, jambo ambalo semina hazikuligusa sana kwa sababu ni la aibu. Lugha isiyotumika huchakaa. Simu imerahisisha: matangazo ya redio ya kusikiliza njiani, kamusi mfukoni, sauti ya kujirekodi na kujisikiliza. Walimu watatu wa shule moja wakisoma kitabu kimoja cha hadithi kwa mwezi na kukizungumzia saa ya chai, wanapata mazoezi ambayo hayahitaji kibali wala bajeti ya halmashauri.