Siku nzima juu ya baiskeli mwambao wa Nyasa: jasho, chumvi na maji ya ziwa

Mguu unapokanyaga pedali, misuli hutumia takribani robo tu ya nishati ya chakula kuisukuma baiskeli. Robo 3 zinazobaki hugeuka joto. Kwa kundi linalotoka Kihagara alfajiri, likapita vijiji vya mwambao na kurudi jioni, kazi kubwa ya mwili siku hiyo ni kulitoa hilo joto nje, saa baada ya saa, chini ya jua la Ziwa Nyasa.

Safari za namna hiyo ni za kuhimizwa. Iwe ni kwaya inayokwenda sikukuu ya parokia jirani, mashabiki wanaoifuata timu yao ya mpira au vijana wanaotaka tu kuiona wilaya yao, moyo na mishipa ya damu hufaidika. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2017, uliohusisha watu 263,450, ulionyesha kwamba waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa ndogo kwa asilimia 41, wakilinganishwa na waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Lakini hao walikuwa wakiendesha mara kwa mara, kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Safari ya kutwa humaliza kiwango hicho kwa mkupuo mmoja, na asiyezoea ndiye anayeumia. Wiki 3 au 4 za kuongeza mwendo taratibu kabla ya siku yenyewe zinatosha kuuandaa mwili, hasa kuuzoesha joto.

Lita 1 ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa joto la kilokalori 580 hivi. Jasho linalodondoka chini halipoozi kitu. Ndiyo maana miezi ya mvua, hewa ya mwambao inapokuwa nzito kwa unyevu, mtu analoa chapachapa na bado anahisi anaungua. Kwenye tambarare, mwendo wenyewe huleta upepo unaokausha ngozi. Kwenye mlima upepo huo hupotea, na hapo hapo misuli inafanya kazi maradufu.

Chukua mfano wa anayetaka kupanda hadi Mbinga mjini, ambako ni juu kuliko ziwa kwa zaidi ya mita 800. Mtu wa kilo 60 akiwa na baiskeli ya Phoenix ya kilo 20 anainua kilo 80. Kuzinyanyua mita 800 kunahitaji nishati ya kilokalori 150, lakini kwa kuwa misuli inatumia robo tu, mwili utachoma 600. Hizo 450 zinazobaki ni joto, na zinadai zaidi ya robo 3 ya lita ya jasho, tena likauke lote. Hapo hatujahesabu msuguano wa tairi wala mzigo kwenye keria. Kushuka na kuisukuma baiskeli mlimani si aibu. Baiskeli isiyo na gia humlazimisha mwenyewe akanyage kwa nguvu nyingi mno, na magoti ndiyo yanayolipa.

Mwendesha baiskeli hutoka jasho kati ya nusu lita na lita 1 na nusu kwa saa, kutegemea jua na kasi. Akipoteza asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 1.2 kwa mtu wa kilo 60, nguvu zinaanza kushuka na moyo unadunda kwa kasi zaidi kwa kazi ile ile. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua wengi ni kwamba maji matupu yakizidi nayo ni hatari, kwa sababu jasho linaondoka na chumvi, na maji yanayoingia yanaizimua ile iliyobaki kwenye damu. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu baada ya mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi uliosababishwa hasa na kunywa kupita kiasi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na watu wakidhani ni kiu wanamwongezea mgonjwa maji.

Kwa hiyo kunywa kiu inapokuja, mafunda machache kila mara, na ule njiani. Baada ya saa 2 za mwendo mkali akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini huwa inaelekea kwisha, na mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Kipande cha gramu 100 cha muhogo wa kuchemsha kina gramu 30 na zaidi. Ndizi mbivu moja ina kama 25. Muhogo huo ukiliwa na dagaa aina ya usipa waliokaushwa kwa chumvi, chumvi nayo inarudi. Aliyeishiwa kabisa atengenezewe maji haya: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Kundi lina msaada wake. Ukinzani wa hewa huongezeka mara 4 kasi inapoongezeka mara 2, na anayefuata karibu nyuma ya mwenzake anapunguziwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Upepo wa kusini ukivuma kutoka ziwani, wenye nguvu wapokezane mbele na wachovu wakae nyuma. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni macho ya wenzako. Mtu ambaye joto la mwili limefika nyuzi 40 huenda asijitambue. Wenzake ndio wanaoona anayumba na kujibu ovyo. Alazwe kivulini, avuliwe shati, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe papo hapo, huku usafiri wa kumpeleka zahanati ukitafutwa.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Saa 6 mchana, mwili ukiwa unaungua, maji yanavutia mno. Saa hizo hizo, kuanzia asubuhi ya saa 4 hadi alasiri, ndizo ambazo konokono hutoa kwa wingi viluwiluwi vya kichocho cha mkojo, navyo hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Zamani ilisemwa kwamba penye mchanga bila majani ni salama. Utafiti wa Cape Maclear, upande wa Malawi, ulionyesha kwamba aina mojawapo ya konokono wa ziwa hili wanaobeba kichocho huishi kwenye mchanga wa wazi. Watafiti walihusisha kuenea kwa ugonjwa huko na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono, jambo ambalo kila mwenye nyavu mwambaoni angepaswa kulisikia. Maji ya kujimwagia ni yale ya kisima, au ya ziwa yaliyokaa ndooni siku 2, kwani baada ya hapo viluwiluwi huwa vimekufa.

Siku ya pili, uangalie mkojo. Ukiwa wa njano iliyokolea, hujarudisha maji. Wekundu hafifu baada ya safari ngumu unaweza kutokana na mazoezi, nao huisha ndani ya siku 3. Ukiwa wa rangi ya kahawia kama soda nyeusi, na misuli imevimba na kuuma, ni protini ya misuli iliyovunjika. Figo zimo hatarini, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Damu inayotoka mwishoni mwa kukojoa, tena miezi kadhaa baada ya kuogelea, ni ya kichocho mpaka vipimo viseme vinginevyo. Ugonjwa huo ukiachwa huharibu kibofu na figo, na huleta saratani ya kibofu. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa lakini haiiwezi iliyo michanga. Aliyeingia ziwani apime na kutibiwa wiki 6 hadi 8 baadaye, na amweleze mhudumu tarehe aliyooga.