Kabla hujatoa hela ya laptop ya mtumba, soma hii kwanza

Leo naongelea kitu kilichonitoa laki nne na themanini, nikae nayo rohoni mpaka leo.

Nilikuwa nauza mabegi kwa simu tu. Oda zikawa nyingi, daftari likawa halitoshi, nikasema sasa nahitaji laptop. Nikaenda dukani, nikaoneshwa moja inang'aa, imebandikwa stika ya Core i7. Muuzaji akaniambia, "Boss, hii i7, imetoka Ulaya, haijatumika sana." Nikalipa. Nilijua nimelamba dume.

Wiki tatu baadaye nikataka kufuta mafaili ya mwenye nayo wa zamani, nikairudisha upya kama ilivyotoka kiwandani. Ilipowaka na kushika intaneti ikaniletea jina la kampuni ya nje, inataka niingie kwa imeili ya kazini. Imeili ya kazini ya nani? Mimi nauza mabegi! Fundi akaniambia hiyo ni mashine ya ofisi, bado imesajiliwa kwa wenyewe. Aliyeiuza alikuwa ameiwasha bila intaneti ili airuke ile hatua. Kurudi dukani nikaambiwa mzigo ukishatoka haurudi. Ile ilikuwa hela ya mzigo wa mwezi mzima.

Baada ya hapo nikaanza kujifunza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kuuliza mafundi na kuharibu vitu vyangu. Nakupa nilichokipata.

1. JIULIZE KAMA UNAIHITAJI KWELI

Kama kazi yako ni kupiga picha, kuposti na kujibu wateja, simu inatosha. Ongeza mtaji kwanza. Laptop inaanza kulipa pale unapokuwa na bidhaa nyingi za kuhesabu, unatengeneza ankara kila siku, au unajibu WhatsApp nyingi mpaka vidole vinauma. Ukinunua kwa sababu mwenzako anayo, umenunua pambo.

2. USIDANGANYIKE NA "i7", SOMA NAMBA INAYOFUATA

Hapa ndipo wengi tunapigwa. i3, i5 na i7 ni kama daraja la basi. Lakini basi la mwaka gani? Hilo linasemwa na namba inayofuata.

- i5-6300U: namba inaanza na 6, ni kizazi cha 6.
- i5-8250U: kizazi cha 8.
- i5-10210U: ikianza na 1, chukua namba mbili za mwanzo. Hii ni kizazi cha 10.
- i5-1135G7: kizazi cha 11.

Kwa hiyo i7-4600U ni kizazi cha 4, na ndani ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. i5-8250U ina vinne. Yaani hiyo i5 inaipita i7 ya zamani, ila kwa muuzaji "i7" ndiyo inasikika tamu.

Stika usiiamini, stika inabandikwa. Ingia Settings, kisha System, kisha About. Jina kamili la prosesa na ukubwa wa RAM vyote viko hapo.

3. KWA NINI KIZAZI CHA 8 NDIYO MPAKA WANGU

Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Haimaanishi laptop itazima. Inamaanisha ile mibofyo ya kawaida ya kuziba matundu ya usalama imekoma. Wewe unafungulia humo WhatsApp ya biashara na pengine akaunti ya benki. Fikiria hilo.

Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa mashine chache sana. Ukiona ya kizazi cha 4 ina Windows 11, ujue imelazimishwa, na Microsoft hawaahidi kwamba itaendelea kupata masasisho. Ndiyo maana za kizazi cha 4 mpaka 7 zinauzwa bei poa. Wenzetu wanazitoa, sisi tunazipokea.

4. RAM NA SSD

RAM: GB 8 ndiyo chini kabisa kwa kazi zetu. GB 4 itawaka, lakini ukifungua WhatsApp, Excel na kurasa tatu za intaneti, utakuwa unasubiri kama uko foleni ya maji.

Diski: chukua SSD. Diski ya kizamani ile inayozunguka ndiyo inafanya laptop iwake dakika tano. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, gusa Disk. Itakuandikia SSD au HDD. Ukiambiwa SSD ya GB 256 ukaona inasoma 238, hujaibiwa, ndivyo Windows inavyohesabu. Ila ukiona 119, hiyo ni ya 128, ongea na muuzaji.

5. UPIMAJI WA DUKANI, DAKIKA 20

Usione aibu. Hela yako.

- Kufuli. Zima, washa huku unagonga F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Utaingia kwenye ukurasa wa ndani wa mashine. Ukiombwa nywila na muuzaji haijui, aga uondoke. Kisha mwambie airudishe upya kama ilivyotoka kiwandani, na uiunganishe na hotspot ya simu yako inapowaka. Hili linachukua muda zaidi, nenda hata ukanywe chai urudi. Ikileta jina la kampuni, umeokoka. Hiki ndicho kipimo kilichonikosesha laki nne na themanini.
- Betri. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakutajia faili lilipohifadhiwa, lifungue. Tafuta Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 30,000, betri imebaki asilimia 60. Chini ya hapo, hesabu bei ya betri mpya.
- Kibodi. Fungua Notepad, bonyeza kila kitufe. Kila kimoja.
- Kioo. Weka picha nyeupe tupu, halafu nyeusi tupu. Angalia madoa, mistari na kona zenye mwanga.
- Matundu. Nenda na flashi na spika za masikioni. Chomeka kila tundu. Jaribu kamera na maiki pia.
- Bawaba. Fungua na ufunge taratibu. Ikilia au kava likiachia, kioo kitakufia mkononi.
- Chaja. Chomeka, itikise kidogo pale inapoingia. Kuchaji kukikatika, tundu limechoka. Iache pia kwenye video dakika kumi, usikilize feni na ushike chini kama inachemka.

6. PIGA HESABU YA BEI YA KWELI

Bei ya kwenye tangazo siyo bei yako. Tuseme A inauzwa 350,000 lakini betri imekufa, 70,000, chaja siyo yake, 35,000, na diski ni ya kizamani, SSD 60,000. Hapo umefika 515,000, na bado ni kizazi cha 6. B inauzwa 500,000, kizazi cha 8, haidai kitu. Nani ana bei rahisi? Bei za vipuri zinabadilika, uliza mtaani kwako, ila hesabu ifanye kabla ya kutoa hela. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Na makosa uliyoyakuta ndiyo silaha yako ya kuombea punguzo. Badala ya kusema "punguza kidogo boss", sema "betri imebaki asilimia 55, toa hela ya betri." Utaona anavyobadilika.

7. MALIPO NA RISITI

Usitume hata shilingi ya "kukuhifadhia" kwa mtu ambaye hujaiona laptop yake. Kama yuko mkoa mwingine, tafuta ndugu au rafiki akaikague, ndipo utume.

Risiti iandikwe serial namba ya mashine, ile iliyo chini ya laptop, pamoja na muda wa waranti na waranti inahusu nini. "Waranti ya mdomo" haipo. Risiti inakulinda pia siku ikigundulika laptop iliibwa kwa mtu. Mkikubaliana kwa WhatsApp, usifute hayo maongezi.

8. UKISHANUNUA, MATATIZO YA KILA SIKU

Kabla hujampelekea fundi elfu ishirini, jaribu haya.

Haiwaki kabisa. Chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwasha ukikishikilia sekunde 30, achia, chomeka chaja, washa. Wakati mwingine ni umeme uliobaki ndani umeganda. Jaribu na soketi nyingine pia.

Inawaka lakini kioo cheusi. Zima taa za chumba au imulike kwa tochi. Ukiona maandishi kwa mbali, mashine ni nzima, tatizo liko upande wa mwanga wa kioo. Mwambie fundi hivyo, asikuuzie ubao mzima.

Imekuwa nzito. Ctrl, Shift na Esc, nenda sehemu ya Startup, zima programu zinazojiwasha zenyewe ambazo hutumii. Angalia pia diski kama imejaa, acha walau GB 20 wazi.

Inachemka na kupiga kelele. Usiitumie juu ya kitanda, godoro linaziba matundu ya hewa. Vumbi letu hili linajaza feni, isafishwe hata mara moja kwa mwaka.

Inakula bando. Windows inapakua masasisho kimya kimya. Ukiunganisha na hotspot, ingia kwenye mipangilio ya hiyo Wi-Fi, washa Metered connection. Zima siku ukipata Wi-Fi ya bure ili masasisho yashuke.

Haichaji vizuri. Soma chini ya laptop inataka volti na wati ngapi, linganisha na chaja. Volti lazima zilingane, wati zisiwe pungufu. Laptop ya wati 65 ukiipa chaja ya 45 itachaji kwa kusuasua au isichaji kabisa. Zile za USB-C zinaelewana volti zenyewe, wewe angalia wati.

Na tafadhali, programu za kuvunja kufuli za kupewa kwenye flashi achana nazo. Nyingi zinataka uzime antivirusi kwanza. Mgeni anayekuambia funga mbwa ndipo aingie, unamfungulia? Kuandika ankara na kuhesabu mzigo, LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Excel.

Mimi sasa hivi natumia i5 ya kizazi cha 8, RAM 8, nilikaa dukani karibu saa nzima kuipima. Muuzaji alinuna, nikamwachia anune. Ina mwaka na miezi, stoo yote iko humo, na ile laki nne na themanini imerudi pole pole kwa sababu najua kila begi limetoka lini na kwa faida gani.

Hifadhi posti hii. Siku ukienda kununua, ifungue pale pale dukani ufuate namba moja moja. Na kama unamjua mwenzako anayekaribia kutoa hela wiki hii, mtumie leo, asisubiri yamkute kama yalivyonikuta mimi.