Fahamu: Jina la Shivji, kutoka forodhani hadi kwenye ardhi ya Handeni

Zungumzia ardhi ya Handeni, hasa Msomera walikohamia wakazi wa Ngorongoro tangu 2022, au mashamba ya mkonge ya Korogwe, na hautapita muda utataja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Nyuma ya mjadala uliotangulia sheria hiyo kuna jina moja: Shivji.

Ni jina la Kihindu. Shiva ni mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. "Ji" ni kiambishi cha heshima, kama sisi tunavyosema "Mzee". Uhindini mwenye jina hilo aliye mashuhuri zaidi ni Shivaji, mfalme wa Wamaratha aliyetawazwa 1674.

Katika pwani yetu jina hilo lilibebwa na Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch. Miaka ya 1830 na 1840 alikodi forodha ya Zanzibar kutoka kwa Sultani Seyyid Said, na utajiri wake haukuwa wa mchezo.

Sasa, mbona kuna Profesa Issa Shivji? Issa ni jina la Kiislamu. Wagujarati wengi waliosilimu hawakuyatupa majina ya babu zao, basi. Profesa huyo, mzaliwa wa Kilosa, 1946, aliongoza Tume ya Rais ya masuala ya ardhi iliyoundwa 1991. Tume ilitaka hatimiliki kuu ya ardhi isiwe mikononi mwa Rais. Serikali ilikataa. Hadi leo ardhi ya Msomera, kama ya Korogwe, ni ya umma, na mdhamini wake ni Rais.