Thamani ya Saa Iko Usoni

Kila wiki huja mtu kwenye meza yangu hapa Ruwi, Muscat, na swali lilelile: "Ninunue saa gani ya Uswisi ipande bei?" Wengi ni vijana wetu, wajukuu wa watu wa Unguja, Pemba na Mombasa, wanaosema Kiswahili nyumbani na Kiarabu kazini. Wameona kwenye simu zao kwamba saa moja imeuzwa kwa mamilioni ya dola. Mimi ni fundi saa, na vilevile hununua na kuuza saa za zamani, kwa hiyo sina faida yoyote ya kuwavunja moyo. Hata hivyo naanza kwa kuwaambia kwamba saa nyingi za Uswisi, hata zenye jina, hushuka bei mara tu ukishatoka nazo dukani. Zinazopanda ni chache, tena za viwanda vichache: Rolex, Patek Philippe, Audemars Piguet, baadhi ya Omega, na mafundi wachache wanaojitegemea.

Hapo hunitajia saa ya Paul Newman, mwigizaji wa Marekani. Ilikuwa Rolex Daytona ya chuma aliyonunuliwa na mkewe, Joanne Woodward, ambaye aliagiza ichongwe mgongoni maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu, maana mumewe alipenda mashindano ya magari. Baadaye Newman alimpa mpenzi wa binti yake. Oktoba 2017 ilinadiwa na Phillips huko New York, ikafika dola milioni 17.75. Basi sikilizeni: Daytona za namna ile, katika miaka ya 1960, zilikaa kwenye makabati ya maduka bila ya kugombewa. Mashine yake ni Valjoux ya kutia ufunguo kwa mkono, na viwanda vingi vingine viliitumia. Saa yenye mashine ya asili hiyohiyo lakini jina dogo unaweza kuipata leo kwa dola elfu chache. Kilicholipiwa pale ni uso wa saa, jina la aliyeivaa, na ushahidi kwamba kweli ni yake.

Hilo ndilo ningependa watu wetu walielewe kabla hawajatoa hata riali moja. Seiko ya Japani ilitoa saa ya kwatsi, yaani ya betri, mwishoni mwa 1969, na leo hata ya bei ndogo inashika majira vizuri kuliko Patek. Uswisi ilitikisika. Wafanyakazi wa viwanda vya saa walikuwa karibu 90,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki kiasi cha 30,000. Waliookoka waliokoka kwa kuuza kazi ya mikono, uchache na historia. Na historia ya saa huandikwa pale pale inapofutika kwa urahisi, yaani usoni.

Hapa Oman tunazo saa zetu. Baada ya kushika utawala tarehe 23 Julai 1970, Sultani Qaboos bin Said aliagiza saa za kutoa zawadi, zikiwemo Rolex zilizopitia duka la Asprey la London. Usoni zilipigwa nembo ya taifa, yaani jambia juu ya panga mbili zilizopishana, na nyingine zilitiwa saini yake Sultani. Miongoni mwa waliopewa ni maofisa, wageni, na askari wa Kiingereza wa kikosi cha SAS waliopigana katika vita vya Dhofar, kusini mwa nchi. Miaka hiyohiyo Waomani wengi waliokuwa Zanzibar na bara walirudi, wakaingia jeshini, polisi na wizarani. Ndiyo maana baadhi ya saa hizi zimo katika nyumba zinazozungumza Kiswahili, na wenyewe hawajui walichonacho.

Mwaka jana mama mmoja aliniletea Rolex ya marehemu baba yake. "Ami," akasema, "uso huu umechakaa. Nitilie mpya, nimpe mwanangu siku ya harusi yake." Niliiweka chini ya lenzi. Uso ulikuwa mweusi uliogeuka kahawia ukingoni. Vinukta vya kung'aa gizani vimekuwa rangi ya samli, na chini ya namba sita, kando ya jina la Uswisi, kulikuwa na herufi T, alama ya tritiamu iliyotumika hadi miaka ya 1990. Juu yake jambia jekundu, kamili, halijakwaruzika hata mahali pamoja.

Nikamwambia: "Mwanangu, nikiubadilisha uso huu nimeiondoa nembo. Bila ya nembo, hii ni Rolex kama nyingine yoyote ya umri wake." Alikaa kimya, kisha akaniuliza mbona basi imechakaa vile na ina thamani. Ina thamani kwa sababu imechakaa yenyewe, wala hakuna aliyeichakaza wala kuiremba. Nimeona saa za zawadi zilizopelekwa matengenezo zikarudi na uso mpya unaometa, na ule wa zamani haukurudishwa. Hasara ya namna hiyo haina dawa.

Ya yule mama niliifungua, nikaosha mashine, nikatia mafuta na kamani mpya. Uso sikuugusa, na polishi sikupiga. Polishi hula chuma. Pembe ambazo mkanda hushikia huviringika, na mwenye jicho huona papo hapo. Baina ya pembe hizo, kwa Rolex za zama hizo, ndipo zilipochongwa namba: upande wa sita ni namba ya saa yenyewe, upande wa kumi na mbili ni namba ya aina. Vua mkanda usome. Ukikuta zimefifia au zimechongwa upya, rudisha saa kwa mwenyewe na uondoke.

Karatasi nazo ni mali. Sanduku, hati ya dhamana, barua ya kukabidhiwa, hata picha ya baba amevaa saa ile akiwa na sare. Wadanganyifu wanalijua hili, na hata wakubwa hudanganyika. Mwaka 2021, mnadani Geneva, Omega Speedmaster moja iliuzwa kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3, na mnunuzi alikuwa Omega yenyewe kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba saa ile iliunganishwa kutokana na vipande vya saa mbalimbali.

Kwa mwenye fedha za akiba anayetaka kununua mpya, sina mengi. Patek Nautilus 5711 ya chuma, iliyokuwa na bei ya dukani ya takriban dola 35,000, ilivuka dola 150,000 mwanzoni mwa 2022, kisha soko likaporomoka na walioingia mwisho wakaumia. Saa haileti kodi kama nyumba wala gawio kama hisa. Ukiiuza mnadani, ada anazotozwa mnunuzi hukaribia robo ya bei au zaidi, na hiyo hupunguza anachoweza kukupa. Ada ya shule na mtaji wa duka visiingie kwenye saa.

Wanaume wengi wa kwetu huepuka dhahabu kwa sababu ya dini, na katika hili hawapotezi kitu: Patek Grandmaster Chime iliyofikia faranga milioni 31 mwaka 2019, bei kubwa kuliko zote kwa saa ya mkononi mnadani, ilikuwa ya chuma. Lakini dini ina jambo jingine: saa uliyoinunua kwa nia ya kuiuza ni bidhaa ya biashara. Muulize shekhe wako kuhusu zaka yake.

Na kwa wenye saa ya marehemu: ithaminiwe na watu wawili wasiohusiana kabla mirathi haijagawanywa, na kati yao asiwepo anayetaka kuinunua. Mrithi anayeitaka awalipe wenzake mafungu yao. Katika familia ya yule mama, kaka mkubwa alikuwa amekwisha kuichukua kama kumbukumbu tu, akampa dada yake bure. Walipojua bei yake walikaa upya, wote watano, na sasa yule mama anawalipa wenzake kidogokidogo kila mwezi.